Vibonyezo Sita

Baba yangu, Barzilai Whitcomb, fundi viatu wa mtaa wa chini,
alinunua baragumu la shaba nyekundu mwaka wa mafuriko
kwa bei ya ng'ombe wawili ambao hatukuwa nao.
Mama hakusema neno. Alipika viazi bila siagi
hadi theluji ikayeyuka, na kila alipomwekea sahani
aliiweka kwa kishindo kidogo, ili ajue.

Lilikuwa na vibonyezo sita. Baragumu tupu la askari
lina sauti chache, za kuamsha na za kulaza;
lake lilipanda ngazi yote, hata vidato vya kati,
na paka wa jirani akahama.

Mchana alishona soli, kucha nyeusi kwa nta.
Jioni walikuja kumi na mmoja, wakinuka pamba, samadi, ngozi:
Obed Larkin na lile bomba la mbao liitwalo nyoka,
Shemasi Pease na tromboni,
na Mwairishi Tierney wa ngoma kubwa.
Kwa ajili ya Tierney wawili walisusa,
wakarudi wiki ya tatu;
nyumbani kwao kulikuwa kimya mno.

Msichana hakupewa bomba. Alipewa wino.
Nikiwa na miaka tisa, kwa unyoya wa bata bukini,
nilinakili sehemu ya kila mpigaji,
na nilipokosea noti moja
Jumamosi mji mzima ulinisikia.

Siku ya gwaride la wanamgambo
beni ilipita chini ya viwanda, ukingoni mwa Merrimack.
Wafumaji wakafungua madirisha.
Nguo ile nzito, ambayo ng'ambo huitwa kwa jina la nchi yetu,
sijui ilimvika nani. Najua ilifumwa
kwa mwendo wa baba asubuhi ile,
na msimamizi akawakata mshahara.

Meno ya mbele yalianza kulegea mwaka wa reli.
Daktari wa Boston akamchongea mengine
kwa pembe ya kiboko, mnyama
ambaye hakuna kati yetu aliyepata kumwona.
Yalifaa kwa kutabasamu.
Siku ya kufungua stesheni, katikati ya noti ndefu,
yalimtoka, yakagonga ubao wa jukwaa: tak.
Watu wakaanza kucheka.
Gari moshi likapiga filimbi, likawafunika wote.
Nalishukuru gari moshi lile hadi leo.

Kisha vijana wakaleta mabomba ya valvu
yanayong'aa kama sarafu ambayo haijashikwa,
na kijana wa Larkin akajifunza kwa mwezi mmoja
kile kilichomla baba miaka minane.
Wakamwachia fimbo ya kuongozea, kwa heshima.
Akaongoza. Mkono wa kulia hewani;
wa kushoto mfukoni, ukibonyeza.

Mezani alibonyeza mkate. Kanisani, Zaburi.
Mama alikufa akiwa amezoea;
nadhani hata alimsamehe zile siagi.

Usiku wake wa mwisho, Februari, kuni mbichi zikilia motoni,
vidole vilitembea juu ya blanketi.
Nilivitazama kama kiziwi atazamavyo midomo.
Cha pili. Cha pili, cha nne. Kituo.
Nikachukua daftari la duka, nyuma ya deni la Shemasi Pease,
nikaandika.
Vidole havisemi yote, midomo ndiyo huchagua,
kwa hiyo pengine nusu nimekisia.
Lakini nimenakili miaka thelathini: huu sikuwahi kuunakili.

Una mapigo thelathini na moja.
Shemasi ananiambia niongeze la mwisho,
maana hata mtoto analisikia linapopaswa kuwa.
Wino upo. Unyoya nimeuchonga.
Namwambia nitaangalia,
nami namkumbusha, kwa upole,
juu ya zile soli.